Usukani na Mifupa ya Motokaa katika Nchi ya Ufipa

Nchi ya Ufipa ni kama meza kubwa iliyoandikwa kati ya maziwa mawili. Magharibi liko Ziwa Tanganyika. Mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutoa maji yake. Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya meza hiyo, kadiri ya meta 1,800 juu ya bahari, nayo milima ya Mbizi yaukingia upande wa mashariki. Hewa ni ya baridi, upepo hauishi, na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yaenea mpaka upeo wa macho. Watu husimulia kwamba jina la mji maana yake ni kutupa uchawi. Nalo ni neno jema la kumkaribisha mgeni.

Atokaye Tunduma siku hizi hufika kwa raha, kwa kuwa barabara ile ya zaidi ya kilomita 200 imetiwa lami, kwa msaada wa fedha za Marekani chini ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2008. Lakini Ufipa si barabara kuu peke yake. Uso wa Ziwa Rukwa uko kadiri ya meta 800 tu juu ya bahari. Basi mtu ateremkaye kwenda vijiji vya bondeni, kama Muze, hushuka kadiri ya meta 1,000 kwa mwendo mfupi. Katika njia za udongo za ukingoni, mvua hufukua makorongo na kuacha mawe wazi. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, na upande wa pili ni shimo. Hapo uhai wa abiria wote wategemea kitu kimoja: kwamba dereva akizungusha usukani, magurudumu yatamtii.

Na utii huo hupitia wapi? Watu wengi hutazama gurudumu lile la mkononi tu. Chini yake iko mashine ya usukani, sanduku zito la chuma lililofungwa kwa bolti katika chesisi, yaani ile mifupa ya motokaa. Sanduku hilo husukuma fito, nazo fito hugeuza magurudumu. Kila gurudumu likigonga jiwe, pigo hurudi kwa njia ile ile: kutoka gurudumu hata fito, kutoka fito hata sanduku, kutoka sanduku hata chesisi. Nayo chesisi ya motokaa nyingi za porini si gogo la chuma, bali ni sanduku refu lenye uwazi ndani, lililoundwa kwa mabamba. Baada ya miaka ya mapigo, na hasa mtu akivalisha matairi makubwa kupita kipimo, bamba huchoka na kupasuka kandokando ya matundu ya bolti.

Wakati mmoja wa masika, motokaa iliyotuchukua pamoja na mwalimu wa dini iliingia Sumbawanga siku ya Ijumaa. Dereva alisema usukani ulikuwa na mchezo. Fundi hakugusa kitu kwanza. Alimwambia dereva auzungushe usukani kushoto na kulia, motokaa ikiwa imesimama, naye akalala chini na kutazama. Tukaona sanduku linatikisika kabla magurudumu hayajageuka. Alipofuta matope, ulionekana ufa uliokwisha kuchomelewa zamani, juu juu tu, kisha ukapakwa rangi.

Mwalimu akamsihi, akasema, "Fundi, Jumapili Wakristo wa bondeni watungoja. Kaza bolti tu, tushuke. Tukirudi utatengeneza vizuri."

Fundi akajibu kwa upole, "Mwalimu, shikamoo yangu ni ile ile, lakini neno hilo siliwezi. Nikikaza bolti juu ya sanduku lenye uwazi, kuta zake zitabonyea, nayo bolti italegea tena kabla hamjafika nusu ya mteremko. Wale wawangojao wangependa mchelewe kuliko wapokee habari zenu."

Basi tulikaa, na kazi ilichukua siku mbili. Kwanza alifungua nyaya za betri, akaondoa mirija ya mafuta na ya breki karibu na mahali pa moto. Akapima chesisi kutoka kona hata kona, apate kujua kama joto litaipinda. Mwisho wa kila ufa akatoboa tundu dogo la mviringo. Kwa maana ufa huendelea kwa ncha yake kali, na tundu la mviringo huitawanya nguvu iliyokuwa ikikusanyika pale. Chuma cha zamani kilichochomelewa vibaya akakisaga chote, akachomelea upya kwa vipande vifupi, akipumzisha kila upande.

Kisha akakata bamba nene la kufunika mahali palipochoka. Hakulikata mraba, ncha zake alizifanya kama ncha ya mkuki. Akatueleza kwamba mstari wa kuchomelea ukikatiza chesisi moja kwa moja, chuma hupata mahali papya pa kuvunjikia. Ndani ya chesisi akapitisha vipande vya bomba nene, kila bolti ndani ya bomba lake, ili kuta zisibonyee bolti zikikazwa. Mwisho akaunga fito ya kukingama kutoka upande ule hata upande wa pili wa chesisi, upande mmoja usibebe mapigo peke yake. Akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaagiza bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Haifai kustaajabu kuona ustadi wa namna hii Ufipa. Kabla chuma cha Ulaya hakijaenea, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, yenye kimo cha karibu meta 3, yaitwayo malungu. Tanuru hilo halikuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na taka, nacho kilitiwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa majembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini mabaki ya matanuru yapo. Wazee wale hawakuona haya kukirudishia motoni chuma kisichotakata. Kitabu cha kwanza cha Samweli chatukumbusha taabu ya Waisraeli walipokosa wahunzi, wakalazimika kwenda kwa adui zao kunoa zana zao. Nchi yenye wahunzi waaminifu imebarikiwa.

Jumapili ile Wakristo wa bondeni walisali wenyewe, wakiongozwa na mzee wa kanisa. Tulipofika siku ya pili, hakuna aliyenung'unika. Mama mmoja alituletea wali na samaki wa Rukwa. Wakati wa kupanda tulimchukua mgonjwa wa kupelekwa hospitali, naye alilala nyuma, mkono wake ukishikwa na binti yake, njia nzima ya ukingoni.

Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na usukani wa merikebu, kitu kidogo kiongozacho chombo kikubwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba usukani nao wahitaji mahali imara pa kufungwa. Wazazi na walimu huelekeza watoto kwa maneno mengi mazuri. Lakini neno lililofungwa katika maisha yenye ufa hutikisika, na mtoto hageuki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwenye motokaa, na kila mwenye nyumba, atazame mapema chini ya rangi.