NDOO ILIYOFUNGWA SANA

 

Leo sina mahubiri marefu. Nina ushuhuda wa ndoo ya taka. Unaniaibisha kidogo, lakini nimeuombea na nimeona niuseme.

Wewe unayeabudu nasi hapa Kibwezi unajua kwamba Jumapili baada ya ibada tunakula pamoja. Akina mama hupika muthokoi, ndengu na sukuma wiki, na chai haikosi. Zamani mabaki yote yalitupwa nyuma ya ua. Mbwa wakaja, nzi wakaja, na majirani wakalalamika. Mwaka jana mwezi wa nane nikasema basi, tutakusanya taka za jikoni tutengeneze mboji ya ile miche ya maembe na mipapai tuliyopanda kando ya kanisa. Nilinunua ndoo kubwa yenye kifuniko. Nikawaambia akina mama, "Mkitia taka, fungeni kabisa, harufu isitoke."

Mpendwa, unalijua jua la Kibwezi. Jumatano jioni watu walipokuja kwa maombi, uvundo uliwapokea mlangoni kabla ya mashemasi. Siku hiyo tulikuwa na mtumishi mgeni, na nilimwona akitoa leso. Niliona haya sana. Nikamwita mama anayesimamia jikoni, na mbele ya watu nikamwambia kwamba kazi ya Mungu haifanywi kwa uchafu.

Alijibu maneno mawili tu: "Sawa, Pasta."

Jumapili iliyofuata hakuja, na ile nyingine hakuja. Watu wakasema amemtembelea binti yake. Nami nikasema "Amina, Mungu ambariki huko," lakini moyoni nilijua.

Wiki ya tatu nilienda kumwona mama yangu Kitui. Nilishika barabara ya Kibwezi, nikavuka mto Athi, nikapita Ikutha hadi ng'ambo ya Mutomo nilikozaliwa. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Kando yake palikuwa na karai kuukuu lenye maganda, majani ya chai na maganda ya vitunguu, limefunikwa kwa kipande cha gunia. Nikainama kunusa. Halikunuka. Lilikuwa na harufu kama ya udongo baada ya mvua ya kwanza.

Nikamwuliza, "Mwaitu, hili umelikusanya leo?"

"Leo ni siku ya tatu."

Nikamsimulia habari ya ndoo yetu. Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Akaniambia, "Mwanangu, ukitia maji ndani na ukazuia pumzi, kitu lazima kinuke. Mimi kila nikitia maganda, natia na majani makavu. Nani aliwaambia mfunge?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Na nani alilaumiwa?"

Sikujibu. Nimesoma chuo cha Biblia, nimehubiri miaka mingi, lakini swali hilo la jikoni lilininyamazisha.

Niliporudi nilienda nyumbani kwa yule mama kabla hata ya kufika kwangu. Nilimwomba msamaha. Akanitazama, akasema, "Pasta, siku ya Jumatatu nilikuambia ile ndoo imefungwa sana na maji yamejaa chini. Ukasema niache tu."

Mpendwa, ni kweli aliniambia. Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu siku ile sikuwa nasikiliza. Na kwa kuwa nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, Jumapili nilisimama nikaungama mbele ya watu wale wale. Yeye alirudi baada ya wiki mbili, akanipa sharti: "Ndoo nitaichunga kwa njia yangu." Nikasema amina.

Njia yake ndiyo hii. Shika, ukaifanye nyumbani.

Kwanza mbuzi na kuku wapewe haki yao. Maganda ya viazi na mabaki ya sukuma wiki ni chakula chao. Lakini maganda ya parachichi usiwape, yanaweza kuwadhuru. Hayo yatie kwenye mboji pamoja na majani ya chai, maganda ya mayai na ya vitunguu. Nyama, mifupa, maziwa na mafuta ya kupikia usitie kabisa, maana hivyo hunuka haraka na huita panya na mbwa.

Pili, chuja maji. Majani ya chai yakamue kwanza. Chini ya ndoo weka gazeti au majani makavu yanyonye unyevu. Kila ukitia kiganja kimoja cha taka mbichi, funika kwa viganja viwili au vitatu vya kitu kikavu: majani ya mwembe yaliyoanguka, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, makapi ya ndengu, au vumbi la mbao kutoka kwa fundi. Majivu tia kidogo tu. Ukizidisha, utasikia harufu kali ya kuchoma pua.

Tatu, acha hewa iingie. Funika kwa gunia au kitambaa, nzi wasiingie lakini pumzi ipite. Kuna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoozesha taka. Vile vinavyopata hewa hufanya kazi yao bila uvundo. Hewa ikikosekana, vingine huchukua nafasi, na hivyo ndivyo vinavyotoa harufu ya yai viza. Kwa joto letu, mwaga ndoo shimoni kila baada ya siku mbili, uioshe na kuianika juani.

Nne, huku kwetu kukavu shimo ni bora kuliko rundo, kwa sababu linatunza unyevu. Lichimbe kivulini. Panga tabaka kavu na tabaka bichi, na tupa udongo kidogo au samadi ya mbuzi katikati. Chomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa baada ya siku chache kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu na baridi, nyunyiza maji. Kikinuka, geuza na uongeze majani makavu. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi. Ukianza mwezi wa saba, itakuwa tayari kwa mashimo yako ya zai mvua ya mwisho wa mwaka ikianza, na sisi Wakamba tunajua hiyo ndiyo mvua ya kutegemea.

Nalo embe lenye funza wa nzi wa matunda usilitupe kwenye shimo la juujuu, watatoka wakamalize maembe ya jirani. Lifukie chini futi mbili, au ulifunge kwenye mfuko mgumu na kuuacha juani mpaka funza wafe.

Sasa nisikilize, mpendwa.

Katika Luka 13:6-9 Bwana wetu anasimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, ili aulimie na kuutilia mbolea. Nimehubiri fungu hilo mara nyingi, na kila mara nilisisitiza huruma ya yule mtunza shamba. Sikuwahi kujiuliza mbolea hutoka wapi. Mbolea ni kile ambacho mtu mwingine alikiona uchafu. Mtini ule ulikuwa unatafutiwa uzima kwa vitu ambavyo wengi wangeviziba pua.

Kwa hiyo mabaki ya maisha yako, aibu ile, kosa lile, hasara ile, si lazima yanuke. Yananuka kwa sababu umeyafungia bila pumzi. Mithali 28:13 inatuonya juu ya kufunika. Kuna deni la Sacco ambalo mwenzi wako halijui. Kuna maneno kuhusu shamba la marehemu baba ambayo wewe na ndugu yako hamjawahi kuyazungumza, mnasalimiana tu kwenye matanga. Umefunga kifuniko, ukasema "yameisha." Sasa nyumba inanuka, na unamlaumu aliye karibu na ndoo: mke, mtoto, mfanyakazi.

Sikuambii uyamwage yote mbele ya kanisa. Shimo hukaa kivulini. Mtafute mtu mmoja mwaminifu, au mwendee yule yule uliyemkosea, ufungue kidogo kidogo. Na kabla hujamlaumu mtu, jiulize swali la mama yangu: ni nani aliyesema ndoo ifungwe?

Wiki hii fanya mambo mawili. Anza ndoo yako jikoni. Kisha mwendee mtu mmoja uliyemtwika lawama iliyokuwa yako.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi viongozi na wazazi tunaotoa amri bila kusikiliza, kisha tukawaaibisha watoto wako. Tupe moyo wa kufungua tulichokifunga. Na yale tuliyoyaona kuwa takataka, uyageuze kuwa mbolea ya matunda kwa utukufu wako. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, sema amina, na umtumie mwingine. Jumapili njoo kanisani. Ile miche ya maembe imeshika, na ndoo ya jikoni unaweza kuisogelea bila leso.

Wako katika huduma,
Pasta