Dawa Ndani ya Debe la Unga

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, sisi wauguzi wa kliniki tulijifunza jambo ambalo hatukufundishwa chuoni.

Kafyu ilianza, matatu zikapunguza abiria, nauli ikapanda. Wagonjwa wetu wenye virusi vya Ukimwi tukawapa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, wasisumbuke njiani. Tulidhani tumemaliza kazi.

Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha hakurudi. Tulipompigia simu, alikata. Tukasema, "Anaogopa Korona."

Mwezi wa Agosti alikuja amekonda, akatueleza kwa machozi. Mumewe, ambaye hakujua hali yake, alikuwa amepoteza kazi na kushinda nyumbani. Dawa zilikuwa zimefichwa ndani ya debe la unga, naye hakupata nafasi ya kuzimeza. Majuma sita!

Tuliona haya. Tulikuwa tumehesabu vidonge, lakini hatukuuliza vitamezwa wapi. Dawa hizi zikikatizwa, virusi huongezeka tena, na mtoto anayenyonya huwa hatarini.

Tulimwanzishia dawa tena, tukampima mtoto, tukangoja tukiomba. Kwa rehema za Mungu, hakuwa na virusi. Baadaye mama alituomba tuketi naye amweleze mumewe. Mume alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na mimi nitapimwa lini?"

Dada mpendwa, ikiwa rafiki amekuamini kwa siri kama hii, itunze. Kisha mwulize, "Unapata nafasi ya kumeza dawa?" Huenda kabati lako ndilo analolihitaji.