Breki Ilivyoingia Ngara na Biharamulo

Kijana wa leo wa Biharamulo au Ngara, ambaye simu yake humwonyesha usiku na mchana watu wanaozunguka kwa vichwa vyao juu ya sakafu, aghalabu hudhani kwamba mchezo huo umezaliwa juzi. Nami, niliyeuona ukiingia katika nchi yetu kwa njia ya kanda za vidio, ukafifia, kisha ukarudi kwa sura nyingine, naona si vibaya kumweleza ulikotoka na istilahi zake, kwa sababu mtazamaji asiyejua majina ya hatua hushangilia miguu iliyo hewani tu, na sehemu iliyo bora humpita.

Asili yake ni Bronx katika jiji la New York, ambako tarehe 11 Agosti 1973 Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika mwenye lakabu ya Kool Herc, alipiga santuri katika hafla ya dada yake. Herc alikuwa na jicho la kuwatazama wachezaji: aling'amua kuwa wengi wao huweka akiba ya nguvu wakingoja pale ambapo mwimbaji hunyamaza na ala nyingi zikanyamaza pamoja naye, ngoma na besi zikabaki peke yake. Kipande hicho ndicho breki, nacho kilikuwa kifupi mno. Basi akashika mtindo wa kutumia santuri mbili zilizo sawa, breki ya moja ikikaribia kwisha anaianza ya pili, huku akiirudisha nyuma ile ya kwanza, hata sekunde chache zikawa dakika nzima. Waliojitosa uwanjani katika wasaa huo wakaitwa bi-boi, na wanawake bi-geli.

Mchezaji hushuka chini kwa taratibu yake. Huanza na toproki, yaani hatua za kusimama, ambazo ni kama salamu ya mgeni mlangoni, na kwazo mjuzi humtambua mwenye sikio na asiye nalo. Kisha huenda chini, mikono ikabeba uzito na miguu ikauzunguka mwili kwa hatua sita zenye mpango. Hapo ndipo kazi halisi ilipo. Baadaye huja yale ya kutia watu wazimu: windimili, ambapo mtu hubiringika juu ya mabega na mgongo huku miguu imepanuka, hedispini, ya kuzunguka kwa utosi, na flea, ambapo miguu miwili huzungushwa hewani huku viganja vikipokezana sakafu. Hatima yake ni frizi: mwili husimama ghafula juu ya kiwiko, kiganja au kichwa, na sharti usimame sawasawa na pigo la ngoma, kwani frizi iliyochelewa ni kuanguka kwa adabu tu. Duara la watazamaji huitwa saifa, na mwenye kuiba mtindo wa mwenziwe husemwa kuwa amemng'ata, aibu ambayo haifutiki upesi.

Haya yote sisi hatukuyajua katika miaka ya 1980. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi 1994, na mambo ya ulimwengu yalitufikia kwa kanda. Filamu mbili za 1984, *Breakin'* na *Beat Street*, zilizunguka mijini, nami nilizitazama Mwanza nikiwa mwanafunzi, katika chumba kilichojaa jasho, jenereta ikinguruma nje. Tulivuka ziwa na kurudi nyumbani likizoni tukiwa na miili migeni. Katika disko la sikukuu vijana wa hirimu yangu walitembea kama sanamu za mashine, wakapitisha wimbi toka ncha ya kidole cha kulia mpaka cha kushoto, wazee wakauliza kama ni degedege. Sote tuliyaita hayo breki, ijapokuwa roboti na wimbi ni mitindo ya California, wala si ya Bronx. Sababu ya kuchagua mitindo hiyo ni dhahiri: sakafu zetu zilikuwa udongo au saruji yenye mikwaruzo, na anayetaka kuzunguka kwa mgongo sharti apate kitu laini. Mwenzetu mmoja alipasua boksi la sabuni, akalitandaza, akalimwagia maji kidogo ili lipate kuteleza. Boksi likalowa, likachanika chini ya bega lake, shati pia, na huo ukawa mwisho wa windimili katika mtaa wetu kwa muda mrefu.

Zaidi ya sakafu, kilichokosekana kwetu ni usikivu wa pigo la ngoma, nao, ajabu, ulikuwapo jirani. Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo leo imo wilayani Ngara, ilikuwa sehemu ya milki ya Burundi kabla ya wakoloni kugawana mipaka, na ada ya ngoma za huko si geni kwake. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, ikasimama kambi ya Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Warundi nao wakawa katika kambi ya Lukole. Ilikuwa miaka ya msiba, na sipendi kuipamba. Lakini humo nilishuhudia wapigaji wa Kirundi wamejipanga nusu duara, inkiranya, ngoma kuu, katikati, amashakwe yakishikilia mwendo, ibishikizo vikiifuata inkiranya, na mmoja baada ya mmoja akiacha ngoma yake, akaruka mbele, akatua juu ya pigo lenyewe, kisha akampisha mwenzake. Zamu, duara, kushindana bila kugusana, na mwili kutii ngoma kuu: yote aliyoyatafuta bi-boi wa Bronx yalikuwa pale.

Wanyarwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na Lukole ikafungwa 2008. Breki nayo ikarudi kwa sura nyingine: mwaka 2006 Abraham Tekya, aitwaye Abramz, alianzisha Kampala mafunzo ya bure ya breki, na Agosti 2024 mchezo huo ukachezwa katika Olimpiki ya Paris, Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada wakitwaa dhahabu. Hata hivyo haumo katika orodha ya Los Angeles ya 2028. Vijana wa kwetu siku hizi huchanganya hatua za simuni na za singeli, na wasichana, ambao zamani zetu walisimama pembeni kushika viatu, sasa huingia duarani wenyewe.

Ewe unayeanza, usianze na kichwa. Shingo haina ya akiba. Shika toproki miezi kadhaa, zoeza viganja kubeba uzito, tafuta mkeka au turubai nene, na siku kundi la ngoma likipiga Ngara, nenda ukasimame karibu na inkiranya usikilize.