Sakafu ya Mbao

Nyumba nyingi za kupanga hapa Makongolosi zina sakafu ya saruji, na hizi mpya zilizojengwa tangu barabara ya lami ya Mbeya na Chunya itufikie huwekwa vigae. Sakafu ya mbao ni nadra, ingawa misitu ya wilaya yetu ya Chunya ni misitu ya mninga. Kwa hiyo, mwishoni mwa Shaabani, dalali aliponionyesha nyumba ya vyumba viwili iliyotandikwa mninga mtupu, umbali wa kusikia adhana bila kipaza sauti, nilimshukuru Allah. Mama watoto alivua viatu, akatembea huku na huku, akasema hatimaye mwanetu atatambaa bila kuumwa na ubaridi wa saruji. Kodi ilikuwa ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ni haki ya dalali, kama ilivyo desturi.

Karibu na dirisha, mbao zilikuwa na doa jeusi la mviringo, lenye ukubwa wa jiko la mkaa. Nikauliza nani alikaa humu.

“Ustadhi, hapa kila mtu ni wa dhahabu,” akacheka dalali.

Mpangaji aliyepita alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuichoma mumo humo chumbani.

Asiyeishi kwenye machimbo huenda asione tatizo. Ardhi hii ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na mchimbaji mdogo bado hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu katika mchanga uliosagwa. Donge linalopatikana huwekwa motoni. Zebaki huruka kama mvuke, dhahabu hubaki. Ule mvuke hauna rangi wala harufu. Ukipoa hushuka ukawa vitone vidogo ukutani na sakafuni, navyo huendelea kutoa mvuke taratibu hata bila moto. Kwenye saruji laini isiyo na nyufa, vitone hivyo angalau huonekana na kukusanywa. Kati ya ubao na ubao huzama, na kufagia huvitawanya zaidi. Zebaki hudhuru ubongo, neva na figo, na anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni na huyu atambaaye, ambaye pua yake iko shibiri moja kutoka sakafuni.

Hapo ndipo elimu yangu ya chuo ilipotaka kuongezewa. Tumezoea kuuliza kama mahali ni tohara kwa swala. Sakafu ile ilikuwa tohara. Ningeweza kusujudu juu yake bila mkeka, na bado ingemwumiza mwanangu. Lakini fikihi haikukaa kimya pia. Katika ijara, aibu ya kitu inayopunguza manufaa humpa mpangaji hiari ya kuvunja mkataba, na mwenye kuijua aibu hiyo hana ruhusa ya kuificha. Sote tunajua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba baada ya Alasiri.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba, Katibu. Nyumba imekupendeza?”

Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, akasema, “Nikimwambia kila mpangaji habari hiyo, nyumba italala tupu. Nami nakula kwa nyumba hiyo.”

Hakuwa akisema uongo. Mzee huyu hana shamba wala mtoto wa kumtumia fedha, na duara la zebaki hakulichora yeye. Akaniomba nipange kwa nusu ya kodi. Nikakataa, nikamwomba naye asimpe mwingine kwa nusu hiyo, kwani angeikubali haraka yule asiye na uwezo, mwenye watoto wengi kuliko wangu.

Wiki iliyofuata alizing’oa mbao. Mama lishe wa jirani akataka kuzinunua ziwe kuni! Nilikimbia kumzuia, kwa maana moto ungeirudisha zebaki hewani, juu ya sufuria za watu.

Sisi tumepata nyumba ya saruji, mbali zaidi na msikiti, na mama watoto ametandika mkeka mzito. Kamati imekubali kumchangia mzee mifuko ya saruji. Mbao zimefunikwa turubai uani kwake, zikimsubiri afisa afya, na kila nipitapo mzee huniuliza, “Katibu, amekuja?”