Kichwa Kilichofungwa Kitambaa

Katika likizo ndefu iliyopita nilivuka ziwa kwenda Goziba, kile kisiwa cha wavuvi wilayani Muleba ambacho wengi wetu hukikumbuka wakati wa kura tu. Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, aliyezeekea huko akianika dagaa, nami nilifuatana na binti yangu aliye mwaka wa pili chuoni. Binti alibeba kompyuta mpakato. Anatengeneza filamu fupi ya katuni juu ya msichana anayengoja mitumbwi alfajiri, akitumia Blender, programu ya kuchongea maumbo ya pande tatu ambayo hupatikana bila malipo.

Shangazi alimtazama yule msichana wa kwenye kioo kwa muda mrefu. Uso aliukubali, hata akamfananisha na mtoto wa jirani. Kisha akauliza: "Mjukuu wangu, mbona umemfunga kitambaa? Ana mapunye?"

Tulicheka sote. Usiku, hata hivyo, binti aliniambia kwamba swali lile lilimchoma. Kitambaa hakikuwa pambo. Alikuwa amehangaika na nywele kwa wiki tatu, na kila alichopata kilikuwa ama sufu ya kondoo, ama sponji, ama nywele za Kizungu zilizopakwa weusi na kukunjwakunjwa. Mwishowe aliamua kuficha.

Mimi si mtu wa kompyuta. Udaktari wangu ni wa sosholojia. Lakini nilisoma mpaka nikaelewa walau hili. Mtengenezaji hapandi unywele mmoja mmoja. Hupanda chache za kuongoza, na programu hujaza katikati yake maelfu ya nyingine kwa kukisia kwamba kila unywele utafuata njia iliyo baina ya majirani zake. Kwa nywele za singa makisio hayo yanatosha, kwa kuwa hushuka sambamba kama nyuzi za wavu uliotundikwa. Nywele zetu hujipinda mithili ya springi ndogo, na springi mbili jirani huenda moja imeelekea kushoto wakati ile mpindo wa nyingine umeelekea kulia. Chukua wastani wa hizo mbili: mapindo yanafutana, na unabaki na unywele ulionyooka ambao haukuwapo kichwani mwa mtu yeyote.

Wala si kwamba mapindo hayawezekani. Kwa ajili ya filamu ya Brave ya mwaka 2012, studio ya Pixar ilitunga programu mpya ili binti mfalme wa Uskoti apate nywele zake nyekundu za mizunguko: takribani 1,500 za kuongoza, zilizozaa zaidi ya 100,000. Fedha zilipatikana na akili zilipatikana. James Kajiya na Timothy Kay walichapisha njia yao ya kuchora manyoya ya dubu wa kuchezea mwaka 1989. Mwaka 2003 Stephen Marschner na wenzake walieleza jinsi mwanga unavyopenya ndani ya unywele. Ilipofika Desemba 2024, miaka thelathini na mitano baada ya yule dubu, Haomiao Wu, Alvin Shi, A.M. Darke na Theodore Kim waliwasilisha mjini Tokyo makala mahususi juu ya nywele zilizojipinda sana, yaani za kipilipili. Kim, wa Chuo Kikuu cha Yale, aliwahi kuwa mtu wa Pixar. Darke ndiye aliyeanzisha maktaba ya bure ya mitindo ya nywele za watu weusi kwa ajili ya wachongaji wa aina ya binti yangu.

Ningeweza kuishia hapo, nikaandika ukurasa mwingine wa kuwalaumu walio mbali, na lawama ingekuwa ya haki. Kinachonizuia ni mkasi.

Kabla ya chuo kikuu nilifundisha sekondari. Nilipokuwa mwalimu wa zamu nilisimama getini asubuhi, mkasi mkononi, na kila msichana ambaye nywele zake zilizidi kimo tulichokiona kinafaa nilimkata mfereji mmoja katikati ya kichwa. Sikumaliza, makusudi, ili akalazimike kunyoa zilizobaki. Tuliuita usafi. Tuliuita pia kumwondolea mtoto vishawishi. Mwaka mmoja tulimpokea mwanafunzi mwenye asili ya Kihindi. Yeye alifunga zake kwa utepe akaingia darasani, na mkono wangu haukumgusa. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na shahada tayari.

Binti yangu mwenyewe alinyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita, huku mimi nikilipa ada kwa wakati. Alifika chuoni hajui nywele zake zikifikia urefu wa kidole hufanya nini zikilowa, zikikauka, zikilaliwa. Sasa ametakiwa kuchonga kitu ambacho hakuruhusiwa kukitazama kwa miaka kumi na mitatu.

Nilimweleza habari ya mkasi usiku ule ule. Hakusema neno kwa muda, kisha akauliza kama nakumbuka jina la msichana hata mmoja. Nakumbuka mawili.

Kesho yake shangazi alimketisha mtoto wa jirani kati ya magoti yake, akamwita binti asogee. Alitenga njia kwa ncha ya chanuo. Alimwonyesha kwamba zikitoka kwenye ngozi kila unywele hushika njia yake, kisha juu kidogo hukumbatiana zikawa fungu, na fungu ndilo linalojipinda pamoja. Akamwonyesha pia zile chache zinazoruka pindo moja na kutokeza nje ya fungu. "Hizi usizikate," alisema. "Ukizikata, kichwa kinakuwa cha mwanasesere." Baadaye niliirudia ile makala ya Tokyo, nikayakuta mambo yote mawili mle, yana majina na hesabu zake.

Binti alifuta kazi yake yote akaanza upya, safari hii akipanda mafungu. Umeme wa jua wa shangazi ulitosha saa chache tu kwa siku, hivyo ilimchukua siku tatu. Jioni ya nne kitambaa kilitoka. Msichana alikuwa amesukwa twende kilioni, njia sita, na nywele changa zikijikunja pajini.

Shangazi alivaa miwani, akamzungusha kichwa kwenye kioo mbele na nyuma kama binti alivyomfundisha.

"Amesukwa," alisema. "Ila njia ya tatu imepinda. Fumua."

Binti akafumua.