Mbegu ya majani kwa parseli ya mlimani: picha nzuri kwenye pakiti haitoshi

Bukavu, Kivu Kusini – Mvua ilianza saa nane ya mchana, ikanyesha chini ya saa moja. Ilipokatika, papa jirani wa parseli ya chini alipanda ngazi za mawe akiwa amebeba beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na matope mekundu, na ndani ya matope hayo zilionekana mbegu ndogondogo.

“Mama, nimekuletea majani yako,” alisema. Hakucheka, wala hakuwa na hasira. Matope hayo aliyazoa jikoni kwake.

Mama aliyeletewa beseni hilo anaishi na watoto wake wanne katika komini ya Kadutu. Alitoka Nyamukubi, katika eneo la Kalehe. Wengi bado wanakumbuka mwanzoni mwa Mei 2023, mito ilipofurika Bushushu na Nyamukubi na zaidi ya watu 400 wakapoteza maisha. Nyumba yake ilienda na maji. Shemeji yake alimpa nyumba hii ya mlimani akae bila kulipa, kwa sharti moja tu: aangalie parseli isiharibike. Kwa hiyo siku hiyo, alipoona maji mekundu yakishuka, hakufikiria jiko la jirani peke yake. Alikumbuka Nyamukubi.

Uwanja wa nyumba hiyo zamani ulikuwa na majani. Yalikufa kidogokidogo: hapa palirundikwa mchanga wa kujengea, pale paliwekwa magunia ya makala, kwingine watu walikuwa wakianika muhogo. Udongo ulipobaki wazi, ukawa unafagiliwa kila asubuhi kama desturi inavyotaka, na kila asubuhi ufagio ulilegeza udongo wa juu. Mvua ilikuja tu kumalizia kazi ya ufagio.

Mama huyo aliamua kupanda majani upya. Katika duka moja la mbegu na dawa za mifugo aliona pakiti ya nusu kilo yenye picha ya nyumba nyeupe na uwanja wa kijani kibichi. Alilipa dola 12, pesa alizoweka kwa kuuza unga. Alitawanya mbegu zote uwanjani, akafagia juu yake ili ziingie, akangoja mvua. Mvua ndiyo ile iliyojaza beseni.

Aliyemwonyesha makosa yake ni mzee mmoja wa mtaa huohuo, agronomu aliyestaafu. Mzee alianza kwa kusoma maandishi ya pakiti, wala hakujali picha. Yaliandikwa regrasi na fetuki. Hayo ni majani ya nchi za baridi. Hapa Bukavu, kwenye mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, yanaweza kuota vizuri kipindi cha mvua, lakini jua la Juni hadi Agosti huyachosha, na mwenye nyumba asiye na maji ya kumwagilia huyapoteza.

Kosa la pili lilikuwa hesabu. Majani ya aina hiyo huhitaji gramu 30 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Uwanja wa mama huyo ni kama mita 60 za mraba, kwa hiyo ungehitaji karibu kilo mbili. Nusu kilo ingetosha mita 16 au 17 tu. Ikitawanywa kote, kila mbegu inabaki peke yake na udongo unabaki uchi.

Kosa la tatu halikuonekana kwa macho. Pakiti haikuwa na mwaka wa kufungwa, na ilikuwa imekaa dirishani penye jua. Mbegu ni kitu chenye uhai. Joto na unyevu huiua polepole huku kwa nje ikibaki inang'aa. Chini ya pakiti zilikuwa zimebaki mbegu kidogo. Mzee akamwambia ahesabu 100, azipange juu ya kitambaa kilicholowa, azifunike kwa sahani na asiache kitambaa kikauke. Mtoto wake wa pili alipewa kazi hiyo na aliifanya kama mtihani wa shule. Baada ya wiki mbili zilikuwa zimeota 31.

“Zingeota 80 tungesema ni nzuri,” mzee alisema. “Kwa 31, mama, dukani ulinunua picha.”

Jaribio hilo halidai pesa, na linafaa pia kwa maharagwe, mahindi na lengalenga. Kwa familia inayoanza upya na yenye pesa ya msimu mmoja tu, kitambaa kilicholowa kinaweza kuokoa shamba zima. Lifanyike kabla ya kupanda, na ikiwezekana kwa kiasi kidogo kabla ya kununua kingi. Mwenye duka anayejua mbegu zake ni hai hatakataa kukuuzia kijiko kimoja.

Baada ya hapo mzee alimpeleka mama huyo kuangalia nyua za jirani. Alimwambia achague majani ambayo amekwisha kuyaona yakipita kiangazi kwenye mlima huu, kwenye udongo huu. Mengi yalikuwa paspalumu, yale majani mafupi yenye mizizi minene inayotambaa juu ya ardhi. Mbegu ya paspalumu ina ganda gumu na huchelewa kuota, mara nyingine wiki tatu au nne. Kwenye mteremko, muda huo unatosha mvua kuichukua. Ndiyo maana watu hupanda vipande vyenye mizizi.

Hata vipande vina ubora wake. Kipande kizuri, ukikikwaruza kwa ukucha, ndani ni cheupe na kina maji. Kiwe na mizizi na vifundo viwili au vitatu. Mzee alitupa vipande kadhaa ambavyo vilikuwa vimebeba ndago, lile gugu lenye vidonge chini ya udongo. Ndago likishaingia uwanjani, kulitoa ni kazi ya miaka. Pia alimkataza kung'oa majani kwenye kingo za barabara na mifereji, maana anayefanya hivyo anatibu uwanja wake kwa kujeruhi wa wengine. Gunia moja lilipatikana kwa jirani aliyekuwa akipunguza majani yake, kwa bei ya kilo chache za unga.

Walipanda mwishoni mwa Septemba. Mistari ilikata mteremko kwa upana, kipande hadi kipande sentimita 20, na vya mstari wa pili vikiziba nafasi za mstari wa kwanza. Kwenye ukingo unaotazama jiko la jirani walipanda vetiva, mstari mmoja uliobanana. Mizizi yake hushuka wima, inaweza kufika mita tatu. Karibu na mlango kilibaki kipande cha lengalenga, kwa sababu majani ya uwanja hayaliwi.

Mama wengine waliokimbia vita na wanaoishi mtaani humo walimwuliza swali ambalo kila aliyehama makwao analijua. “Dada, unapanda majani kwenye nyumba isiyo yako? Kesho ukiambiwa uhame?”

Aliwajibu kwamba maji hayaulizi parseli ni ya nani.

Mzee hakumdanganya. Majani hushika udongo wa juu na hupunguza mbio za maji. Hayazuii mlima unaokatika kutoka ndani. Anayeona nyufa mpya ukutani au ardhini, mlango ulioanza kukwama au mti unaolala upande, asipande kitu: atoe watoto na amjulishe chifu wa mtaa siku hiyohiyo. Na maji ya paa yapelekwe kwenye mfereji au pipa, yasimwagwe juu ya mteremko.

Mwezi wa Desemba mistari ilikuwa imeanza kugusana, si kote. Kona moja bado ina upara, watoto wanaichezea mpira. Ufagio sasa unaishia barazani. Mvua kubwa ikinyesha, maji bado yanashuka hadi kwa papa jirani, lakini matope yamepungua.

Wiki iliyopita papa huyo alipanda tena ngazi na beseni lake. Lilikuwa tupu. Aliomba vipande vya kupanda nyuma ya jiko lake.

“Papa, subiri mwezi wa tatu,” mama alimjibu. “Yakiwa mazito nitakujazia.”

Papa akaliacha beseni pale mlangoni.