Jina la Baba Yangu

Mtoto wa kaka yangu ana jina la baba yetu. Kwetu Wakikuyu ndivyo ilivyo: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Baba alifariki mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa, kwa hivyo jina lilirudi nyumbani likiwa bado na joto. Mama yangu akiwa na furaha humwita "mzee wangu" na kumuuliza mbona ametoka Gakindu bila sukari. Mimi humwita Baba. Jina lenyewe silitaji hapa. Ni lake, na akitaka atalitaja mwenyewe siku moja.

Shida ni kwamba tulikuwa tukimwita, haitiki.

Niliona Desemba, nilipotoka Nairobi kwenda nyumbani kwa Krismasi. Alikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Alikuwa amekaa kando ya wilibaro iliyopinduliwa, akizungusha gurudumu lake na kulitazama kwa makini kama fundi. Nikamwita. Nikamwita tena. Nilifika mara saba. Kisha mtu akafungua pakiti ya biskuti kule jikoni, na kijana akawa ameshafika mlangoni. Kwa hivyo anasikia, nikajiambia. Ila jina lake halimhusu.

Usiku huo sikulala. Si unajua sisi watu wa simu? Nilipata ile orodha ya maswali 20 iitwayo M-CHAT, ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Je, mtoto huonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Je, hugeuka akiitwa jina? Je, hukuigiza unachofanya? Nikajibu yote mwenyewe, mimi niliyekaa naye siku tatu. Asubuhi, kabla chai haijapoa, nikatangaza mezani: "Nadhani ana usonji."

Kaka yangu aliweka kikombe chini polepole. "Unasema Baba ni mgonjwa?"

Akatoka kwenda kwenye kahawa. Hadi Februari hakupokea simu yangu.

Nilikuwa nimekisia sawa, lakini nimekosea karibu kila kitu kingine. Orodha ile haimpi mtu jina la hali yake. Inasema tu kwamba mtoto huyu aangaliwe kwa karibu zaidi. Tena imeandikiwa wazazi. Mimi nilikuwa nimewanyang'anya maswali yao.

Huku nyuma, wifi yangu ndiye aliyekuwa akiumia. Kila mtu alikuwa na maelezo. Ni hiyo katuni ya kwenye simu. Ni chanjo. Mbona hata baba yake alichelewa kuongea? Mwombeeni. Ni kwa sababu mama yake yuko mbio na maziwa kila alfajiri, mtoto hapati mtu wa kuongea naye. Hili la kumlaumu mama halikuzaliwa Nyeri. Marekani, Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 kikiwalaumu wazazi, hasa akina mama, kwa ubaridi wao, na wasomi wakamwamini kwa miaka. Hata hofu ya chanjo ilitoka mbali: ilipata nguvu kwa makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, makala ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Makala ilifutwa, lakini hofu ilishapanda matatu na kushuka Gakindu.

Februari wifi akanipigia. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Wengi wetu chanjo ya surua ya miezi 18 ikishapita, kile kitabu cha kliniki tunakiweka kabatini, ilhali kina ukurasa wa hatua za ukuaji ambao hakuna anayetusomea.

"Nesi ameniuliza kama anaonyesha vitu kwa kidole," akasema. "Nikajibu ndiyo, haraka haraka. Sasa nimefika nyumbani, najaribu kukumbuka hata siku moja. Tata wake, sikumbuki."

Nikanyamaza. Safari hii nilijua kunyamaza. Kisha nikamuuliza, "Unataka nifanye nini?"

"Tuandamane."

Mahali pa kwanza tuliambiwa wavulana huchelewa, turudi akifika miaka minne. Tulikuwa kwenye matatu tukirudi, mtoto amelala, wifi akasema, "Hiyo ni kama miaka miwili ya kungoja." Hatukungoja. Mahali pa pili walitutuma kwanza akapimwe masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri pia haitiki. Masikio yakawa mazima. Tukapewa tarehe ya daktari wa watoto, wiki tisa mbele.

Hizo wiki tisa ndizo zilizotusaidia. Nilinunua daftari, likawekwa jikoni, na sheria ikawa moja: andika ulichoona, usiandike unachofikiri. Usiandike "ni mkaidi". Andika "amelia dakika ishirini tulipobadilisha sahani". Wifi akaandika. Nikawaomba pia wachukue video fupi fupi, maana mtoto akifika mbele ya daktari huwa mtu mwingine kabisa. Mama yangu, ambaye hushinda naye mchana kutwa, hakuandika ila alisimulia, mimi nikaandika kwa simu. Yeye ndiye aliyesema jambo ambalo orodha yangu yote haikunionyesha: "Akitaka maji haniangalii. Hushika mkono wangu na kuupeleka kwenye mfereji, kama mtu anayetumia ufunguo."

Siku ya tarehe, kaka yangu alikuja. Sikumuuliza kwa nini. Alivaa koti lake la harusi.

Daktari alimtazama mtoto akicheza kwa muda mrefu kabla ya kuuliza chochote. Hakuna kipimo cha damu cha usonji, wala picha ya eksirei. Ni kutazama na kuuliza. Akauliza anacheza vipi na wengine. Nikajibu. Akauliza kuhusu usingizi. Nikajibu. Swali la tatu nikawa nimeshafungua mdomo, akanigeukia.

"Wewe ni nani wa mtoto?"

"Tata yake."

"Asante, tata. Sasa nataka kuwasikia wazazi."

Niliona aibu hadi kwenye masikio. Chumba kikanyamaza, gurudumu la kigari cha plastiki likawa linazunguka tu pale sakafuni. Halafu kaka yangu akaongea, macho yake yakiwa kwenye viganja vyake.

"Nikimwita, haitiki. Ni jina la baba yangu. Namwita kila jioni nikitoka shamba, na haitiki."

Hapo ndipo nilipoelewa kile kikombe cha Desemba. Mimi nilidhani anakataa ukweli. Kumbe alikuwa anaujua kabla yangu, na kila jioni ulikuwa ukimpa msiba upya.

Wifi akamshika goti. Daktari akaandika. Baadaye alituambia ni usonji, akalirudia neno polepole. Kaka akauliza kama atapona. "Si ugonjwa wa kupona," daktari akasema. "Ndivyo ubongo wake ulivyo. Tutamsaidia awasiliane, na nyinyi mtajifunza kumsikia."

Tulitoka na karatasi. Nayo ilifungua milango, mmoja baada ya mwingine na kwa foleni ndefu: tiba ya usemi, tathmini ya ulemavu hospitalini ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha EARC, vile vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu vilivyoanza mwaka 1984, ambavyo vitatushauri kuhusu shule. Kliniki ya usemi tunapata mara moja kwa mwezi. Haitoshi. Siku nyingine zote, mwalimu ni Mama na mfereji wake: anashikilia kikombe, anasema "maji", anangoja.

Siku hizi marafiki hunitumia ujumbe usiku: kuna mtoto kwetu, nifanye nini? Huwaambia habari ya masikio, ya daftari, ya video, na wasikubali kuambiwa wangoje tu. Huwaambia pia wabebe mkoba, walipe nauli, wapange foleni, na wawaachie wazazi maneno.

Juzi kaka alinipigia, bila sababu. Akasema siku hizi hamwiti tena kutoka langoni. Huenda hadi alipo, huchuchumaa mbele yake, humgusa bega, hutaja jina, kisha huhesabu kimya hadi kumi.

"Na?" nikauliza.

"Jana nilifika nane."